Madigadi ya Kushoto

Binamu yangu Joachim alinikabidhi mkasi wa umeme wa kukatia bati mbele ya watu, kana kwamba ananipa zawadi ya Krismasi, akaniambia nikakate madigadi ya kushoto ya Gari Namba Moja, gari la kwanza kabisa la kampuni yetu. Alisema hivyo huku akitabasamu. Nimemjua Joachim Kurrle tangu tukiwa watoto wa nyumba moja, yeye ghorofa ya juu, mimi ya chini, kama tulivyo mpaka leo, na sijawahi kumwona akitabasamu ila pana mtu anayeumia.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu imepinda, Roswitha."

"Imepinda tangu mwaka wa sitini na mbili."

"Basi imepinda vya kutosha."

Nyuma yake walisimama vijana wawili wa wale wenye hisa wapya kutoka Munich, wamevaa viatu vyeupe ndani ya karakana ya bati. Wakacheka. Mzee Ottmar, ambaye tumegonga naye alumini meza moja tangu nikiwa mwanagenzi, hakucheka. Alishika nyundo yake ya mbao akaanza kuipangusa, na Ottmar akipangusa nyundo safi ujue ana neno analolimeza.

Ni lazima nieleze kidogo, maana aliyezoea magari ya kumiminwa kiwandani mithili ya vikombe hawezi kuona ubaya wa jambo hili. Sisi wa Hülbenau tunatengeneza magari ya mbio ya watu wenye nazo, machache sana, kwa mkono. Mwaka mzuri, magari yote tuliyounda yangeenea uani kwa kanisa na mchungaji akapata pa kupita. Na gari la Kurrle hulijui kwa nembo. Unalijua kwa uso: madigadi ya mbele ya kushoto iko juu kuliko ya kulia kwa upana wa kidole gumba. Ukilitazama kwa mbele, unaona gari lililoinua nyusi moja, linakudharau. Watu huliita hivyo hivyo, Nyusi. Kuna matajiri wamengojea zamu miaka miwili ili wadharauliwe na gari lao wenyewe.

Vitabu vya matangazo vinasema kwamba mwasisi, Bwana Gottlob Kurrle, aliinua upande wa kushoto kwa makusudi, ili dereva aione vizuri kona ya barabara. Uongo mtupu. Ukikaa kwenye usukani, kile kinundu ndicho kinachokuzibia kona.

Ukweli ni huu. Kampuni ilianzishwa na watu wawili, Gottlob Kurrle na baba yangu, Alwin Bäuerle. Walikuwa mashemeji, Gottlob alimwoa Hedwig, dada yake baba. Wote wawili walikuwa mafundi wa mifereji ya paa, waliojifundisha kukunja bati kwenye nyumba za watu kabla hawajaota ndoto za magari. Zizi la ng'ombe walimoanzia kazi lilikuwa la wazazi wa Gottlob, kwa hiyo karatasi ziliandikwa kwa jina la Gottlob, nalo jina la Bäuerle likaachwa liandikwe baadaye. Baadaye hiyo mpaka leo haijafika.

Walikuwa katikati ya gari la kwanza walipogombana. Unadhani waligombea nini? Fedha? Mwanamke? Hapana. Waligombea kufagia ngazi.

Asiyetoka kwetu na acheke, lakini kwetu si kichekesho. Katika kila nyumba ya familia mbili kuna kibao cha zamu. Chetu ni cha mbao, kimechongwa ufagio, kina uzi wa kutundikia. Kikiwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, na ukumbi, na kijia cha nje mpaka barabarani. Jumamosi unafagia, unapiga deki, kisha unakipeleka kibao mlangoni kwa jirani. Kukitundika kibao ni kusema: mimi nimemaliza, zamu yako. Hülbenau mtu anaweza kusamehewa ulevi. Ngazi chafu hasamehewi.

Nilivyosimuliwa na baba, Jumamosi niliyozaliwa mimi, mama akiwa bado kitandani, Gottlob alikuta kibao mlangoni kwake, akakivua, akashuka nacho, akakirudisha mlangoni kwetu kwa kishindo mpaka msumari ukang'oka. "Mke wangu na kichanga," baba alikuwa akisema, "naye anawaza vumbi." Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena mpaka kaburini. Na gari walilimalizia hivyohivyo, wakinuniana, kila mmoja akigonga upande wake. Shangazi Hedwig alipowapelekea kahawa zizini alikuwa anageuzwa tarishi.

"Hedwig, mwambie kaka yako anipe nyundo bapa."

"Hedwig, mwambie mumeo nyundo iko chini ya pua yake, na pua hiyo si ndogo."

Kulipima gari upande mpaka upande kunahitaji watu wawili, mmoja ashike ncha hii ya futi kamba, mwingine ile. Hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwenzake "shika." Kwa hiyo hawakupima. Waliligundua kosa siku ya maonyesho ya Frankfurt, baada ya kitambaa kuvuliwa, na kabla hawajapata pa kuficha nyuso zao mwanamke mmoja wa Hamburg, mke wa mwenye meli, akasema gari hili linamtazama kama lisilomwamini, akaagiza la kwake hapohapo, lenye nyusi ileile. Hivyo ndivyo kosa lilivyogeuka alama. Mimi mwenyewe nimelirudia kosa hilo kwa makusudi katika kila gari lililotoka hapa tangu nilipohitimu.

Kwa nini nilihitimu hapa, chini ya jina la Kurrle, na siyo kwingine? Kwa sababu ya neno moja la baba. Alibaki kibarua katika kampuni aliyoianzisha, akastaafu bila hata picha yake ukutani, na kila nilipomuuliza, "Sasa wewe umebaki na nini, baba?" alijibu, "Upande wa kushoto ni wangu." Basi. Nyusi inayosifiwa mpaka Japani ilikuwa mkono wa baba yangu. Kila asubuhi nilipopita ukumbi wa kampuni, pale Gari Namba Moja lilipowekwa juu ya zulia, niliigusa madigadi ya kushoto kwa viganja viwili kabla ya kwenda kuvaa aproni. Wapo wanaokwenda makaburini. Mimi nilikuwa na kile kipande cha alumini.

Na sasa Joachim anataka nikikate.

"Nieleze vizuri," nikamwambia, na sauti yangu niliishika kwa meno. "Nyusi ndiyo Kurrle. Mnauza nini bila nyusi?"

"Gari jipya litakuwa sawa pande zote mbili. Kompyuta inachora upande mmoja, inaugeuza, umekwisha. Nusu ya kazi."

"Fanyeni mtakavyo na hilo jipya. La zamani limewakosea nini?"

"Kwenye sherehe ya miaka hamsini yatasimama bega kwa bega. Watu watauliza kwa nini hili moja limepinda."

"Utawajibu kwamba mwasisi aliona kona ya barabara."

Vijana wa viatu vyeupe wakatazamana. Joachim akaacha kutabasamu. "Dada, sikuombi ushauri. Ottmar macho yamechoka, umebaki wewe. Kesho saa nne uanze, nataka upande wa kulia na wa kushoto zifanane. Ukishindwa, sema."

"Sishindwi na bati."

"Basi kata."

Nilitoka hapo damu inanichemka hadi masikioni. Wameninyima jina, nikanyamaza. Wameandika uongo vitabuni, nikanyamaza. Sasa wanataka baba yangu afutwe, na mfutaji niwe mimi, kwa mkono alioufundisha yeye. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi Hedwig. Yeye ni mama yake Joachim, na hata akiwa na miaka tisini bado Joachim huvua kofia anapoingia jikoni kwake. Nilitaka amkataze. Sikutaka kingine.

Nilimkuta anamenya viazi vya moto kwa ajili ya saladi, akivipulizia vidole. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya.

"Kaa, mwanangu. Unanitia kizunguzungu."

"Siwezi kukaa. Wanamkata baba."

"Nani anamkata baba yako?"

"Shangazi, nimetoka kukwambia. Madigadi ya kushoto."

Hapo kisu kikasimama. Akauliza swali la ajabu. "Kushoto kwa nani?"

"Kwa gari. Kushoto ni kushoto. Upande wa usukani."

"Hiyo ni kushoto yenu nyinyi mliosomea magari," akasema. "Alwin alikuwa fundi wa mifereji. Fundi wa mifereji anasimama barabarani, anaitazama nyumba, na kushoto kwake ni pale mkono wake wa kushoto ulipo. Alilitazama gari hivyohivyo, kwa mbele, kama nyumba. Alikuwa upande wa dirisha la zizi. Nilimwekea kahawa kwenye lile dirisha kila siku, nitasahauje? Upande wa usukani ulikuwa wa Gottlob."

Nilikaa.

Mwanagenzi wa magari, siku ya kwanza kabisa kabla hajashika nyundo, anafundishwa kwamba kushoto huhesabiwa kutoka kiti cha dereva. Nilifundishwa hivyo mimi, nikawafundisha wengine. Haikunipitia akilini kwamba baba yangu hakufundishwa na mtu. Maisha yangu yote nimekibusu kipande cha yule niliyemchukia.

"Kwa hiyo upande ulionyooka ndio wa baba," nikasema.

"Alwin alikuwa na mkono mtulivu. Hata alipokosea alikuwa mtulivu." Akachukua kiazi kingine. "Gottlob ndiye alikuwa anachemka. Nilikuwa nasikia nyundo yake mpaka jikoni. Na wewe unajua bati likipigwa kupita kiasi linakuwaje."

Ninajua. Linatanuka, linapanda. Ile nyusi, ile dharau wanayoilipia matajiri, ilikuwa hasira ya mtu mmoja iliyoingia kwenye alumini ikashindwa kutoka.

"Hasira za bure," nikasema kwa uchungu. "Kisa mama kazaa na ngazi haikufagiliwa."

Shangazi akaweka kisu mezani. "Alwin alikwambia hivyo?"

"Aliniambia Gottlob alirudisha kibao."

"Alikirudisha kwa sababu ilikuwa zamu ya Alwin. Hakufagia, akapanda kimyakimya, akakitundika mlangoni kwetu kama mtu aliyemaliza kazi. Ngazi zilikuwa na matope ya viatu vya mkunga kutoka chini hadi juu. Angebisha hodi tu, Roswitha. Angesema, 'Shemeji, leo sijiwezi.' Gottlob angefagia mpaka barabarani, na mimi ningempigia deki. Lakini kakangu hakuomba. Alidanganya kwa kibao."

Sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia baba kwa kunilea kwa hadithi nusu. Nilimkasirikia Gottlob kwa kukaa na haki yake kifuani miaka yote bila kuitamka, akaona ni bora amnyime mtu jina lake mlangoni mwa kampuni kuliko kumwambia umenikosea. Nilimkasirikia hata shangazi, aliyebeba kahawa na maneno ya watu wazima wawili kana kwamba wao ni wendawazimu, asiwamwagie hiyo kahawa kichwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kwenu na kwetu nani aliwahi kuuliza?"

"Utamkataza Joachim?"

"Mkataze wewe. Mimi nimechoka kupeleka ujumbe kutoka mlango mmoja hadi mwingine." Akanisukumia bakuli la viazi. "Kula, bado vina moto."

Asubuhi, nitasema wazi, niliingia ukumbini nikiwa na furaha mbaya. Usiku kucha nilikuwa nimeligeuza jambo hili nikaona limenyooka kuliko gari lenyewe. Joachim ameagiza upande wa kushoto ukatwe, ufananishwe na wa kulia. Yaani ameagiza baba yake afutwe, na baba yangu achongwe pande zote mbili. Nilichotakiwa ni kunyamaza na kufanya kazi. Nani angenilaumu? Nimeamriwa.

Walikuwa wamelishusha gari kutoka kwenye zulia na kuliweka juu ya stendi za chuma. Joachim alikuwepo, vijana wa Munich walikuwepo, mmoja ameshika simu yake tayari kupiga picha. Ottmar alikuwa amenitolea taa. Nikavaa glavu, nikauwasha mkasi, nikaupeleka kwenye ukingo wa madigadi. Nikaipapasa mara ya mwisho kwa chini, mahali pasipopakwa rangi, kutafuta pa kuanzia.

Zilikuwepo pale alama za nyundo. Nilikuwa nimezipapasa mara nyingi nikidhani ni za baba, nikijiambia fundi mkubwa alikuwa na haraka. Sasa vidole vilizisoma vingine. Pigo juu ya pigo, mahali palepale, mtu anayepiga bati kwa sababu hawezi kumpiga shemeji yake. Mtu aliyekosewa kweli. Mimi ninazijua hasira za kumezwa, nimezila kuliko mkate, na sikuwahi kuzishika kwa mkono kabla ya siku ile.

Nikauzima mkasi.

"Nini tena?" Joachim akauliza.

"Hii si ya baba yangu. Ni ya baba yako."

Nikamweleza: dirisha la zizi, kahawa, kushoto ya mafundi wa mifereji. Nilimwambia mama yake yu hai, akamuulize. Ottmar aliacha kupangusa nyundo. Hata kijana mwenye simu aliishusha. Joachim alisikiliza mpaka mwisho, na kwa muda kidogo nilifikiri nimemwona yule mtoto wa ghorofa ya juu aliyekuwa akimngoja baba yake dirishani.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza."

"Basi kata."

"Joachim, umenisikia? Huo ni mkono wa Gottlob. Ndicho kitu pekee katika kampuni hii alichokitengeneza akiwa mkweli."

"Ni bati, Roswitha. Sherehe ni Jumamosi."

"Sikati."

"Miaka yote umeiita ya baba yako. Leo ni ya baba yangu, na bado hutaki. Unataka nini wewe?"

"Nataka mtu mmoja tu katika ukoo huu aseme kilichotokea."

"Hakuna kilichotokea. Watu wawili waligombana kuhusu ufagio." Akaunyoosha mkono. "Lete."

Nilidhani anatania. Joachim alisomea biashara. Sijawahi kumwona akishika hata bisibisi. Akanipokonya mkasi, akauwasha, akauchomeka kwenye ukingo bila glavu, akakata. Alikata kama anayefungua mkebe wa samaki, akaenda kombo, akatoboa hadi penye fremu, mkasi ukanasa, akauvuta, akaendelea. Ukumbi mzima ulijaa ule mlio. Ottmar alikwenda akasimama akitazama ukuta. Kipande kilipoanguka sakafuni kiliyumba mara kadhaa kabla ya kutulia, maana bado kilikuwa kimebinuka vilevile.

"Imenyooka," Joachim akasema, akihema. Mkono wake ulikuwa unatoka damu. "Sasa mtengeneze nyingine."

Ottmar akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya boneti. Yangu niliiweka juu ya yake. Joachim akatuita kwa majina, kisha akaita kwa vyeo, kisha akasema kuna watu Stuttgart wanaoweza kazi hii kwa siku moja. Nilikiokota kile kipande, kingo zake bado zina moto, nikaondoka nacho kwapani. Hakuna aliyenizuia, kwao kilikuwa taka.

Nyumbani sikuingia kwangu moja kwa moja. Kibao kilikuwa mlangoni kwangu, wiki ile zamu ilikuwa yangu. Nikachukua ufagio nikaanza juu kabisa, mlangoni kwa Joachim, nikashuka ngazi moja baada ya nyingine, pembe kwa pembe. Nikachota maji, nikapiga deki. Nikafagia ukumbi, nikafagia kijia mpaka barabarani, na shangazi Hedwig alikuwa ananitazama kutoka dirishani kwao juu. Nililia humo humo, sitaficha, na nilikuwa bado nimekasirika.

Ngazi zilipokauka nikapanda nimebeba madigadi. Nikaiegemeza mlangoni kwa Joachim, nyusi juu, mahali ambapo hawezi kuingia kwake bila kuishika kwa mikono yake. Kisha nikakivua kibao kwangu, nikakitundika juu ya madigadi kwa uzi wake.

Safari hii aliyekitundika alikuwa amefagia.